Nakala ya Mzunguko wa 188

Muuguzi wa zahanati ya Ikuvala, huko nyanda za juu, alikiweka kinasapumzi kwenye kifua cha mtoto, akasubiri. Kifaa kilikuwa bapa na chepesi, kinaenea kiganjani. Hakikuhitaji damu wala picha ya mapafu. Kilisikiliza hewa inavyoingia na kutoka, kisha kikataja ugonjwa kwa sauti tulivu. Mwaka huo wa 2094 kilikuwa kimesambazwa katika zahanati elfu nne, na wauguzi wengi walikuwa wameacha kabisa kuinamisha masikio yao kwenye vifua vya watu.

"Mafua ya kawaida," kilisema.

Muuguzi alimweleza baba ampe mtoto vinywaji vya moto na amfunike vizuri, akawaruhusu. Mtoto aliitwa Lwitiko Tweve, wa miaka miwili. Siku ya tatu alifariki kwa nimonia.

Taarifa ilifika Mbeya, katika maabara iliyokifundisha kifaa hicho, mezani kwa Tusekile Mwandemele. Yeye alikuwa mtunza daftari la mafunzo. Mashine ya namna ile husikilizishwa maelfu kwa maelfu ya pumzi, inakisia, inasahihishwa, inarudia. Ikimaliza kuzipitia sauti zote, huo ni mzunguko mmoja. Mwisho wa kila mzunguko Tusekile aliandika daftarini sauti zilizotumika na makosa yaliyofanyika, halafu akahifadhi nakala ya akili ya mashine kama ilivyokuwa wakati huo, ili mafunzo yakienda kombo waweze kurudi nyuma. Lakini nakala hizo zilikuwa kubwa mno na ghala la maabara lilikuwa na kikomo. Kwa hiyo kanuni ilikuwa kubakiza mbili tu, ile iliyokosea kidogo kuliko zote na ile ya mwisho. Nyingine zilifutwa.

Tusekile alilifungua daftari akaanza kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa. Zamani palikuwa na safu ya watoto wa nyanda za juu peke yao, kwa sababu mtoto wa milimani, kwenye hewa nyembamba, hupumua haraka kuliko wa pwani hata akiwa mzima. Katika mzunguko wa 188, kati ya watoto mia wa huko wenye nimonia, mashine iliwatambua tisini na sita. Kwenye mzunguko wa 190 ziliingizwa sauti nyingi kutoka hospitali za pwani. Na hapohapo safu ile ilikoma.

Aliyeikomesha alikuwa Tusekile mwenyewe. Dakta Gervas Komba, mkuu wa maabara, alikuwa amelalamika kwamba jedwali limekuwa pana, halienei ukutani wakati wa vikao; akaomba tarakimu moja tu, wastani wa makosa. Tusekile aliona ni jambo la busara. Aliziondoa safu zote asubuhi moja, akaenda kunywa chai. Wastani uliendelea kushuka vizuri mpaka mzunguko wa 212, na nakala hiyo ndiyo iliyopelekwa zahanati.

Sasa aliisikilizisha nakala ya 212 zile sauti mia za milimani. Ilitambua sitini na moja. Ilipokuwa ikijifunza ya pwani, ilikuwa imesahau ya milimani. Nayo nakala ya 188 ilishafutwa.

Alipompelekea Dakta Komba habari hizo, mzee huyo hakufoka. Alisema kwamba hata hivyo, ukihesabu nchi nzima, nakala ya 212 inaokoa watoto wengi zaidi.

"Sibishi, Dakta," Tusekile alijibu. "Lakini hawa hatukuwaona, kwa sababu mimi niliacha kuwaandika."

Komba alilisoma daftari, akakubali. Siku hiyohiyo vinasapumzi vya nyanda za juu vilizimwa, na wauguzi wakaagizwa kurudia masikio yao na vipimajoto. Kisha mafunzo yakaanzishwa upya. Kwa kuwa kila hatua hadi ya 188 iliandikwa, mashine ingeweza kupitishwa njia ileile na kuifikia akili ileile kwa siku kumi na tisa. Toka hapo sauti za pwani zingeongezwa taratibu, zikichanganywa na za milimani.

Palibaki jambo moja. Kinasapumzi hutunza kila sauti kilichoisikiliza, na pumzi za Lwitiko zilikuwamo. Sheria haikuruhusu sauti ya marehemu itumike bila idhini ya mzazi. Barua ingetosha. Tusekile aliamua kwenda mwenyewe.

Alimkuta Lutengano Tweve, baba wa mtoto, akichambua mbegu za viazi mlangoni. Walisalimiana "kamwene", akakaribishwa kigoda. Alimweleza yote, pamoja na habari za ile safu. Mwanamume yule aliomba kwanza aisikie sauti. Ilikuwa fupi, pumzi kumi na mbili tu. Aliisikiliza huku ameshika kiazi.

"Alikuwa amekaa kwenye goti langu," alisema. Kisha akauliza, "Wewe ndiye uliyeacha kuandika?"

"Ni mimi, Baba Lwitiko."

Hakusema amesamehe, wala Tusekile hakuomba. Mwanamume yule alikiweka kiazi chini.

"Itumieni," alisema mwishowe. "Ila msimchanganye na wenzake. Mkiniambia mia, wametambuliwa tisini na sita, mimi nitauliza kama na yeye yumo. Muwe na jibu."

Basi Lwitiko akapewa mstari wake daftarini, apimwe peke yake mwisho wa kila mzunguko. Siku ya kumi na tisa mashine ikafika tena mzunguko wa 188. Watoto mia wa milimani walipopimwa, ilitambua tisini na sita kama awali. Tusekile akaisikilizisha ile sauti fupi ya Lwitiko.

"Mafua ya kawaida," mashine ilisema.

Dakta Komba, aliyesimama nyuma yake, alishusha pumzi. Alisema kwa upole kwamba basi nakala waliyoifuta nayo isingemwokoa mtoto yule, na kwamba Tusekile anaweza kuutua mzigo huo. Tusekile alichukua kalamu. Aliandika jibu la mashine kama lilivyotoka, akaihifadhi nakala, akaanzisha mzunguko uliofuata.

Katika mzunguko wa 203 mashine ilisema, "Nimonia." Ilisema hivyo pia katika wa 204 na wa 205. Wastani wa makosa wa nakala hiyo ya 205 kwa nchi nzima ulikuwa mbaya kidogo kuliko wa 212, lakini hiyo ndiyo waliyoichagua, na Komba akatia sahihi.

Tusekile alimpigia simu Lutengano kumjulisha. Angeweza kuanzia kwenye mzunguko wa 203 na kuishia hapo. Alianzia kwenye wa 188.

Lutengano alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo siku ile hata ile nzuri yenu isingemjua."

"Isingemjua."

"Na hilo umeliandika?"

"Nimeliandika."

"Haya," alisema Lutengano, akaendelea kukaa kwenye simu kidogo kabla ya kuaga.