Usimwambie Mke Wangu

"Usi... usimwambie... mke wangu."

Hiyo ni sauti ya mume wangu, jamani. Mume wangu ambaye kwa miezi saba hajanitamkia mimi neno hata moja!

Nilikuwa kwenye korido ya kliniki, mkono juu ya kitasa, nimemletea miwani aliyoisahau kwenye teksi. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani mwanamke akacheka.

"Sawa, baba. Itabaki siri yetu."

Siri yetu!!!

Ngojeni niwaeleze nilivyofika hapo, halafu tutarudi tuuvunje huo mlango pamoja.

Mume wangu ni fundi wa friji. Mwanzoni mwa mwaka kiharusi kilimwangusha akiwa kazini. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakapotea. Akili ipo, anaelewa kila kitu, ila neno likifika mdomoni linagoma kutoka.

Tukaandikiwa tiba ya usemi, mara mbili kwa wiki, kwa dada mmoja ambaye nilimpachika jina la Mwalimu wa Maneno. Mpole, msafi, ana kicheko kizuri. Hicho kicheko nilikisikia siku ya kwanza na sikukipenda.

Wiki za mwanzo nilikuwa naingia na mgonjwa wangu. Siku moja Mwalimu akanisimamisha mlangoni.

"Mama Pacha, leo naomba usubiri nje." (Tuna mapacha, kila mtu ananiita hivyo.)

"Nje? Mimi?"

"Ndiyo, mama. Kidogo tu."

Mimi ninayemwogesha! Mimi ninayemvalisha soksi! Mimi ninayegombana na watu wa foleni kwa ajili yake!

Nikasubiri nje. Siku iliyofuata, nje. Mwezi mzima nje! Nikawa napima ile korido kwa miguu, naenda narudi, nakaa nasimama, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Na nyumbani mambo yakazidi kunivuruga. Bwana yule, siku za kliniki, ananyoa ndevu! Kwa mkono wa kushoto, anajikatakata kidevu chote, lakini ananyoa. Halafu anataka shati la bluu, si lingine.

Mimi nikimuuliza kitu, ananitazama tu.

Kila Ijumaa nilikuwa najaza karatasi ya Mwalimu. Nyumbani ametamka maneno mangapi? Sifuri. Wiki inayofuata, sifuri. Mkono wangu ulishaizoea hiyo sifuri.

Sasa turudi mlangoni.

Niliusukuma ukagonga ukuta! Puuu!

"Mke mwenyewe huyu hapa! Haya, niambieni hiyo siri!"

Mume wangu akafumba mdomo papo hapo.

"Kwa huyu unaongea, kwangu unakuwa kisiki? Miezi saba! Nimekukosea nini?"

"Mama Pacha, kaa kwanza," Mwalimu akasema.

"Sikai! Leo ndiyo mwisho wa hii tiba yenu. Baba Pacha, inuka twende. Nitakutafutia kwingine, kwa mwalimu mwanaume, tena mzee!"

Mwalimu akamgeukia mume wangu.

"Baba, nimwambie?"

Akatikisa kichwa. Hapana.

"Akikuondoa hapa leo, maneno uliyoanza kuyapata tutayapoteza. Nimwambie?"

Mume wangu akaangalia sakafu, kisha akaniangalia mimi. Mwishowe akaitikia kwa kichwa.

Mwalimu akafungua kompyuta.

"Hii ni wiki ya tatu. Mnakumbuka mliniruhusu nirekodi?"

Nikajiona kwenye kioo cha kompyuta, nimekaa kando ya mume wangu, nimependeza zangu.

"Baba, umelalaje?" Mwalimu anauliza kwenye video.

Najibu mimi: "Amelala vizuri, ila ubavu unamsumbua."

"Baba, una watoto wangapi?"

Mimi: "Wawili, mapacha!"

"Baba, unapenda kufanya nini ukiwa..."

Mimi: "Mpira! Huyu na mpira, we acha tu."

Nikamtazama Mwalimu. "Sasa kosa liko wapi? Nilikuwa nakusaidia kazi!"

"Tuangalie tena. Safari hii usijiangalie wewe. Angalia mdomo wake."

Nikaangalia.

Jamani...

Kila swali likiulizwa, midomo yake inaanza kujikusanya. Shingo inakaza, macho yanaitafuta sauti. Anakaribia. Halafu inaingia sauti yangu, na midomo inajifunga. Swali la pili, hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo. Kufika swali la kumi hakujaribu hata kuufungua mdomo.

Kwa nini nilikuwa hivyo? Niwaambie kazi yangu. Napokea simu za wateja, mwaka wa kumi na moja huu. Kwetu kimya kikizidi sekunde tatu kwenye simu, msimamizi anakuandikia onyo. Nilipandishwa cheo kwa kumjibu mteja kabla hajamaliza kulalamika. Nikaibeba ile kazi nikaenda nayo nyumbani.

"Yeye anahitaji sekunde ngapi?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa imeshuka.

"Kumi na mbili. Siku mbaya, ishirini."

"Na ukaona uninyamazie?"

"Nilitaka kukwambia tangu wiki ile. Yeye ndiye aliyekataa. Ndiye aliyeomba usubiri nje, alinionyesha mlango kwa kidole. Na mimi siruhusiwi kutoa siri ya mgonjwa bila ruhusa yake. Aliogopa ukijua utaumia, baada ya yote unayomfanyia."

Akafunga kompyuta.

"Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuunganisha maneno matatu. Na ameyatumia kukulinda wewe."

Nililia, sitaki kuwadanganya. Nililia mbele ya yule dada niliyekuwa nimempangia kesi nzima kichwani, kumbe zile ndevu na lile shati la bluu vilikuwa vya mtu anayekwenda mahali anaposubiriwa amalize neno. Nikamwomba radhi. Akasema amezoea, wake na waume wengi hufika pale wakiwa na kesi zao.

Kisha akavuta kiti changu nikatazamana na mume wangu uso kwa uso.

"Muulize kitu ambacho hujui jibu lake."

Rahisi? Jaribuni! Kila swali lililonijia nilikuwa najua jibu. Anaumwa wapi, anataka nini, amechukia nini... nilikuwa najua vyote, au nilijiona najua. Miaka kumi na minne ya ndoa, na nilikaa pale natafuta swali moja tu.

Nikalipata.

"Unaogopa nini?"

Midomo ikaanza kujikusanya.

Sekunde ya tatu. Kazini hapo ningeshaandikiwa onyo. Ya saba. Nikang'ata ulimi. Ya kumi. Nikakalia mikono yangu. Ya kumi na nne...

"U... uta... utachoka."

Nikangoja tena.

"Utachoka... na mimi."

Nilikuwa na majibu mia moja pale pale! Kwamba siwezi, kwamba aache maneno hayo, kwamba mimi ni chuma. Nikayameza yote. Kwa sababu ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshachoka, tena kitambo. Ndiyo maana nilikuwa namjibia kila mtu haraka haraka, ili siku ipite na mimi nilale.

"Nimechoka," nikamwambia. "Lakini siendi popote."

Akanitazama usoni, akatoa pumzi ndefu. Nadhani alikuwa ameibana tangu siku ya kiharusi.

Ndugu zangu, wewe mwenye mzazi aliyepata kiharusi, wewe mwenye mtoto anayechelewa kusema au anayekwama kwenye neno, sikia: unapomalizia sentensi yake unajiona unamhurumia. Mimi nilijiona hivyo. Nilimfunga mdomo mume wangu kwa miezi saba na watu wakanisifu kwa kumtunza! Uliza, kisha nyamaza. Ukishindwa, kalia mikono kama mimi.

Wiki hii kwenye karatasi ya Ijumaa nimeandika kumi na tisa.

Kabla sijaweka haya hapa nimemsomea hadithi yote, mwanzo hadi mwisho, kisha nikamuuliza kama anakubali niwasimulie. Nikangoja.

"Ndi... ndiyo," akasema. Nikawa nainuka, kumbe bado hajamaliza.

"Ila... ndefu... mno."