Mkia Aliouficha Fintan

"Hii picha uliipiga lini, Fintan?"

Fintan alikuwa ndiyo kwanza anaingia garini na chipsi mbili za moto, mvua ikimchuruzika shingoni. Dervla alikuwa amemgeuzia kamera. Aliambiwa aangalie picha za ukumbi wa harusi, akarudi nyuma kuliko alivyotumwa, na sasa kwenye kioo kidogo alionekana shakwe mmoja mchanga, kahawia iliyokolea, mabawa wazi, mkia wazi.

"Ipi?"

"Usiniulize ipi. Tarehe tisa Januari. Paa la kiwanda cha barafu. Ni yule yule."

Fintan akaziweka chipsi juu ya dashibodi taratibu.

"Mpenzi, tule kwanza, zitapoa."

"Zipoe."

Mwezi mzima Dervla alikuwa akimuuliza kama kweli hakupata picha yoyote ya mkia wa ndege huyu. Kwa wengi hapa bandarini Killybegs shakwe ni mwizi wa chipsi tu, basi. Dervla amewahesabu gatini kila Jumapili tangu ana miaka kumi na tano, na anajua kwamba makinda wa shakwe wa heringi, hawa wa kwetu, hawafanani hata kidogo. Kuna weupe, kuna wa madoadoa, na mara moja moja hutokea mmoja aliyekolea mpaka uko tayari kuapa kwamba amevuka bahari kutoka Marekani. Kinachokata ubishi ni mkia. Wa Marekani mkia wake ni mweusi wote, na kiuno chake kimejaa michirizi ya giza. Wa kwetu, hata akolee vipi, pale mkia unapoanzia pana weupe.

Siku ile ya Januari aliyemwona ndege kwanza ni Dervla. Akaandika daftarini: kinda wa kawaida, ila amekolea kupita kiasi. Fintan akazunguka upande wa pili wa kiwanda na kamera, akarudi anahema, akasema ndege ameruka, mkia ameuona kwa macho yake, mweusi tii, ila picha ya mkia hakuwahi. Dervla akamwamini mchumba wake kuliko daftari lake. Akaifuta ile sentensi, akatia sahihi kwenye fomu ya kamati ya ndege adimu kwamba ni wa Marekani, na wiki hiyo magari ya watazamaji yalikuja mpaka kutoka Cork.

Sasa weupe ulikuwa unamtazama usoni.

"Mwanga ulikuwa mbaya," Fintan alisema.

"Mwanga ulikuwa mzuri. Naona mpaka kutu ya paa."

"Dervla..."

"Uliiona hii picha siku ile ile?"

Akafuta maji ya mvua shingoni. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Jioni yake."

"Ukanyamaza."

"Unajua wananiitaje? Mzushi. Miaka kumi na mbili, kwa kosa moja la ujana kuhusu ndege mmoja. Mimi nikisema nimeona njiwa, wanataka ushahidi. Wewe ukisema kitu, hakuna anayeuliza."

"Kwa hiyo ukaona uazime jina langu."

"Tunaoana bwana. Changu chako, chako changu."

"Jina langu si sufuria, Fintan."

Hasira ilikuwa imempanda Dervla. Fintan angekosea tu, asingemlaumu. Hata yeye amekosea. Lakini huyu aliona, akajua, akamwacha atie sahihi, kisha usiku ule ule akala kwao Dervla na kumsifia mama mkwe wake supu.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Ni Bi Nuala, katibu wa kamati.

"Dervla mwanangu, tunakaa kesho kuhusu ndege wenu. Wenzangu wako tayari kumpitisha kwa sababu ni wewe. Una uhakika na mkia?"

Fintan alikuwa ameshausoma kwa kuchungulia.

"Mjibu ndiyo. Neno moja tu. Akishapita hakuna atakayemfukua."

"Unasikia unachosema?"

"Basi tuseme kadi ya kamera ilikuwa na hitilafu, picha tumeipata leo."

"Tuseme, mimi na nani?"

Dervla akakipiga picha kile kioo cha kamera kwa simu yake, akaituma, kisha akampigia Bi Nuala na kuweka sauti ya nje.

"Bi Nuala, ndege ni wa kwetu. Picha ya mkia ipo, nimekutumia sasa hivi."



"Ipo tangu lini?"

"Tangu siku ile. Fintan yuko hapa, atakueleza mwenyewe."

Akaiweka simu katikati yao. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Mtu huyu aseme tu, niliificha mimi. Atamtukana wiki nzima, atalia, halafu ataolewa naye.

Fintan akakohoa.

"Bi Nuala, habari za mchana. Ni hivi. Kupiga picha nilipiga mimi, ndiyo. Ila za kutuma alichagua Dervla. Mimi nilimpa zote. Nadhani hiyo ilimpita tu."

Dervla akamgeukia. Fintan alikuwa anaangalia mvua.

"Dervla?" Bi Nuala aliita. "Ni kweli hayo?"

"Si kweli. Nimeiona leo, sasa hivi, akiwa ameenda kununua chipsi. Lakini maneno yangu daftarini niliyafuta mwenyewe, kwa hiyo kosa la kumtambua ndege liandikeni langu. La kuficha, umemsikia mwenyewe anavyolikwepa."

"Pole, mwanangu."

"Asante."

Akakata simu.

"Shuka."

"Dervla, mvua yote hii."

"Gari langu. Kamera yako hii hapa. Shuka."

"Zimebaki wiki tatu. Watu wameshaalikwa."

"Utawaeleza. Kutunga unajua."

Akashuka. Akasimama na kamera kifuani, mdomo wazi, kama anasubiri aitwe. Dervla akafunga milango kwa ndani, akampigia mama yake.

"Mama, mwambie mwoka keki aache. Harusi haipo."

"Kumetokea nini?"

Akaeleza: kinda, mkia, picha, fomu. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi.

"Dervla, unaacha mwanamume kwa sababu ya shakwe?"

"Shakwe ningemsamehe, mama. Amenisingizia nikiwa nimekaa pembeni yake."



"Njoo nyumbani ule," mama akasema.