Sauti ya Emiliana Ndani ya Kompyuta

Vitalia hakuwa na cheti cha kompyuta. Hakuwa na fundi jirani, wala feni, wala pazia dirishani. Alikuwa na kompyuta moja ya sola na nyimbo mia mbili za ngoma za Ngumbo, kijiji chao cha kando ya ziwa. Kikundi cha sanaa kilimkabidhi azitunze, pamoja na kanda zilikotoka.

Jumatatu mchana alikuwa nje akianika usipa, dagaa wa ziwani. Ndani hapakuwa na mtu. Ghafla mwanamke akaimba wimbo wa kioda, ngoma ya wanawake, humo ndani.

Vitalia aliganda. Ilikuwa sauti ya Emiliana, waliyemzika siku tisa zilizopita.

Mume wa marehemu, mzee Pankras, alikuwa akipita.

"Nani anamwita mke wangu?"

"Shikamoo, baba. Ni mashine. Ikipata jua inajiwasha, na programu inaimba yenyewe."

"Marehemu wetu haimbishwi kabla ya kumaliza matanga!"

"Nisamehe, baba. Programu hiyo niliichagua kwa rangi zake."

"Rangi! Ulikuwa unanunua kanga? Jumapili nachukua kanda zetu zote. Nazitosa ziwani."

Kesho yake, kwa wito wa Vitalia, alifika Xaveri, mwalimu wa kompyuta kutoka Mbinga.

"Dada, hii ni programu huria," alisema. "Unaitumia bure, unainakili, na fundi yeyote anaweza kuirekebisha. Lakini ziko nyingi. Zijaribu kwanza."

"Nijaribu nini?"

"Lile linalokuuma. Inaweza kumfunga Emiliana asisikike hadi matanga yaishe?"

Walijaribu mbili, kwa wimbo wa Vitalia mwenyewe. Ya kwanza ilificha jina lake tu. Xaveri akaingia kama mgeni, akatafuta "kioda". Vitalia akajisikia akiimba, na mdomo ameufumba.

"Mlango umefungwa, mtu anaongea ndani," alinong'ona.

Katika ya pili walitafuta kwa jina, kwa ngoma, kwa mwaka. Kimya. Wimbo ulifunguka kwa neno la siri tu. Tena ilikubali kunakili nyimbo zote na maelezo yake kwenye diski, wasizipoteze wakihamia programu nyingine.

Jumapili Pankras alikuja na gunia. Vitalia akaandika jina la Emiliana, akabofya. Mzee aliinamia spika muda mrefu.

"Yumo?"

"Yumo, baba. Hasikiki. Neno la siri chagua wewe. Ila likipotea, naye amepotea. Nakala ya neno hilo ikae kwa kamati ya kikundi, Mbinga."

Pankras aliliandika kwenye karatasi, akaikunja. Vitalia aliiweka kwenye bahasha pamoja na barua yake kwa kamati: tumechagua programu ya pili, kanda zinabaki Ngumbo, siku ya kumaliza matanga mje mumsikie.

Mzee aliibandika bahasha kwa ugali, akaikandamiza kwa viganja viwili. Basi lilipofika alimpa kondakta.

"Ishike vizuri, kijana," alisema. "Mke wangu yumo."