Rimu ya Nne

Gereji ilinuka mdalasini. Stan Wojtas alisimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa, akanusa, akageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na gari, Chevelle ya mwaka 1970, limepandishwa juu ya stendi, na rimu nne zimeegemezwa ukutani. Tatu alikuwa ameshazimaliza. Iliyonuka ni ya nne, aliyoileta jana yake.

"Mzee, unanusa nini kama mbwa?" Binti yake Renee aliingia, bado amevaa sare za unesi.

"Hii harufu huisikii?"

"Nasikia mpira ulioungua. Umechoma tairi?"

"Rimu haina tairi, Renee."

"Basi umechoma soksi zako. Afadhali, maana zilishatushinda."

Stan alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Gari lile lilikuwa la Renee. Walianza kulifufua wote wawili mama yake alipofariki, na Jumamosi Renee angeliendesha kwenye maandamano ya magari ya kale mjini. Hapa kwetu Flint mtu anaweza kukosa Krismasi akasamehewa, lakini siyo maandamano yale ya Agosti.

Na waamuzi wetu hawadanganyiki kwa kung'aa. Mwamuzi anapiga goti na tochi, anasoma namba zilizogongwa kwenye chuma kando ya tundu la valvu: mwaka, mwezi na siku rimu ilipotengenezwa. Rimu lazima iwe imelitangulia gari kidogo. Ikiwa imezaliwa baada ya gari, basi ni ya kubandika, na watakucheka mpaka theluji ianguke.

Ndiyo maana Stan alihangaika kuipata ya nne. Aliipata kwenye gulio la vipuri, kwenye uwanja wa maonyesho, kwa bibi mmoja aliyeketi kwenye kiti cha kukunja na rimu moja tu miguuni.

"Wewe ndiye Wojtas wa rimu?" bibi alimuuliza.

"Ndiye mimi, mama. Unaiuzaje?"

"Siiuzi. Nimekutunzia wewe."

"Bure?"

"Mjukuu wangu naye ameshikwa na wazimu wenu huu wa magari. Kila siku anatafuta rimu. Lakini hii sitaki aiguse. Hii ni yako."

Stan alipiga goti, akasoma tarehe, akakuta inamfaa kabisa. Alifurahi hata akasahau kuuliza jina.

Sasa, harufu ikiwa imejaa gereji nzima, alimwaga dawa ya kutoa rangi, akaanza kukwangua. Rangi ya fedha ilipobanduka, aliona mstari wa kuchomelea unaopita kati ya matundu mawili ya nati. Alisogeza taa. Kila fundi ana mwandiko wake kwenye kuchomelea, na mwandiko ule ulikuwa wake. Akatazama namba. Ile tarakimu ya 3 ilikuwa imekatika mkia, kwa sababu chuma chake cha kugongea tarakimu hiyo kilivunjika ncha zamani na hakuwahi kununua kingine.

Aliipitishia kidole, mara mbili.

Kulikuwa na kijana akiitwa Dwayne Tibbets, mtafunaji wa ubani wa mdalasini asubuhi mpaka usiku. Alimjia Stan akitaka rimu yenye tarehe sahihi, na Stan alikuwa nayo moja iliyopasuka. Fundi mwenye akili angeitupa. Stan aliichomelea, akaisaga tarehe yake, akagonga ile aliyoitaka kijana, akapaka rangi ikapendeza. Alikusudia kumwambia kwamba hiyo ni ya kuonyesha tu, asiikimbizie. Hakumwambia. Kwenye kona ya mtoni rimu ikagawanyika, na Dwayne akaenda na gari lake.

Watu walisema kijana alikuwa na mwendo wa kichaa. Stan aliwasikia wakisema hivyo mazikoni, huku anakula chakula cha mama wa marehemu, na hakuthubutu kumtazama yule mama usoni. Akatafuna, akanyamaza. Hapo ndipo ninapomchukia, maana mengine yote yanaweza kumkuta fundi yeyote.

Na baadaye aliiona rimu ile kwenye uwanja wa magari mabovu. Ilikuwa vipande viwili. Sasa ilikuwa kimoja.

Aliichukua grenda, akaisaga tarehe mpaka chuma kikabaki kitupu. Alipozima mashine na kupangusa vumbi, palikuwa na tarehe nyingine. Ilikuwa siku aliyokufa Dwayne. Akaisaga hiyo pia, akafunga gereji.

Jioni walikuwa mezani wanakula waliposikia kitu kinabingirika.

"Umeacha nini huko?" Renee alinong'ona.

"Kula, mama."

"Baba, kinazunguka."

Kilikuwa kinazunguka kweli, chuma kitupu juu ya sakafu ya saruji, polepole, kikilizunguka gari upande huu mpaka upande ule, kikifika mlango wa jikoni kinasita kama kinachosikiliza, halafu kinaendelea, na kila kiliposita harufu ya mdalasini ilipenya chini ya mlango pamoja na ya mpira ulioungua, ikawaingia puani, ikaingia kwenye viazi walivyokuwa wanakula, mpaka Renee akasukuma sahani, akamshika baba yake mkono, na wakabaki hivyo hivyo wasiweze hata kuinuka kuwasha taa ya ukumbini.

Asubuhi rimu haikuwa ukutani. Ilikuwa imefungwa kwenye gari, mbele, upande wa dereva, na tairi juu yake. Stan aliweka spana, akaning'inia kwa uzito wake wote. Nati hazikutikisika. Akapiga goti, akasoma. Tarehe ilikuwa ya Jumamosi ile inayokuja.

Aliuliza huku na huku mpaka akaifikia nyumba ya Bi. Tibbets, mama yake Dwayne. Aliyefungua mlango ni yule bibi wa gulioni, akabaki kizingitini.

"Iite irudi," Stan alisema. "Nakuomba."

"Sikuituma mimi. Ilitoka huko kwenye magari mabovu yenyewe, ikaja kukaa kwenye ngazi zangu, nzima, inanuka mwanangu. Nilikaa nayo mpaka nikaelewa inamtaka nani."

"Atakayeendesha ni binti yangu. Hana kosa lolote, mama."

"Wangu alikuwa na kosa gani?"

"Nitasema. Nitasimama mbele ya watu wote niseme ni mimi."

"Wakimwita mwanangu kichaa ulikuwepo. Ulikuwa unakula nyama yangu. Mbona hukusema?" Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti ilikuwa kavu. "Kamwambie yeye sasa. Mimi nimechoka."

Mlango ukafungwa.

Ijumaa Stan alimweleza Renee yote, pamoja na kila neno la bibi, wameketi jikoni, akizungumza chinichini kama anayeogopa kusikiwa upande wa pili wa ukuta. Renee alilia, akamtukana, kisha akamkumbatia.

"Tusiliendeshe," alisema. "Tuliache palepale lioze."

"Rimu ikikukosa huku itakufuata kwingine. Kazini, barabarani. Tarehe imeshagongwa."

"Basi tutafanyaje?"

"Nenda kalale. Nitajua la kufanya."

Kulipopambazuka Jumamosi Renee aliamshwa na mngurumo wa injini. Alikimbia nje bila viatu. Stan, aliyefunga zile rimu nyingine tatu usiku, alikuwa ameshatoka kwenye njia ya nyumba, dirisha limeshushwa, na hakugeuka. Hakuelekea mjini kwenye maandamano. Alishika njia ya mtoni.

Walimkuta kwenye kona ileile, gari limeingia mitini. Polisi walisema mzee alikuwa na mwendo wa kichaa. Rimu ilikuwa majanini, imesimama wima, haina hata mkwaruzo.

Siku ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, Renee aliingia gereji. Rimu ilikuwa ukutani, mahali pake. Mdalasini haukuwepo tena. Palinuka kahawa, na ile sabuni ya machungwa ambayo baba yake alitolea grisi mikononi. Alipiga magoti, akaikumbatia, akalia juu ya chuma baridi mpaka kifua kikamuuma.

Kisha kidole chake kikapita kando ya valvu, kikakuta makovu mapya. Ilikuwa tarehe, ya mwezi unaofuata, na tatu yake imekatika mkia.

Mto haukuwa mbali. Angeweza kuitupa, au kuipeleka ikayeyushwe, na mtu aliyezoea kuwashika wagonjwa mikono alijua vizuri kwamba hivyo ndivyo inavyopasa. Alifikiria hilo. Halafu akakumbuka mlango uliofungwa mbele ya baba yake akiwa anaomba.

Aliiosha kwa maji ya moto. Akaipaka rangi ya fedha tabaka kwa tabaka, kama alivyofundishwa, akaiacha ikauke. Alipoona imependeza, alifuta mikono na kuchukua simu.

"Halo, wewe ndiye mjukuu wa Bi. Tibbets? Nasikia unatafuta rimu," alisema kwa upole. "Ninayo moja hapa, na tarehe yake ni nzuri sana. Njoo uichukue. Ni bure."