Nani Kamchukua Nouf?

Kila mchana Masouda hutoka ofisini Al Khuwair, akaendesha gari mpaka Darsait kumchukua binti yake skuli. Siku hiyo alifika, Nouf hayupo.

"Kachukuliwa na ami yake," mlinzi alimwambia.

Masouda alirudi mbio garini. Ami mwenyewe ni Sleyum, ndugu wa mumewe. Alikuwa ametoka jela karibuni. Alifungwa kwa kumdhalilisha mtoto wa jirani.

Masouda alimkuta Nouf nyumbani, salama, anakula aiskrimu.

"Sasa kimetokea nini?" aliuliza Hamoud, mumewe. "Mtoto si huyo hapo?"

"Unangoja kitokee?"

"Ndugu yangu keshatumikia kifungo chake, Masouda."

Mama mkwe, Bi Bakhita, akadakia, "Tukimkataza, watu watasemaje?"

Masouda alichoka nao. Nyumba nzima inamwonea huruma Sleyum. Nouf hana mtu ila yeye.

Alikwenda kumwita jirani yao mwengine, Mastura, mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Mastura akakaa nao sebuleni.

"Kifungo kimekwisha," alisema. "Hukumu ilisema nini zaidi?"

Hamoud aliinamisha kichwa. "Hakimu kamkataza kwenda maskulini. Na asikae na mtoto bila ya mzazi."

"Ulikuwa ukijua?" Masouda aliuliza.

"Nlidhani ni watoto wa watu tu, si wetu."

Masouda akamgeukia Mastura.

"Hakimu hakubagua," alisema Mastura. "Mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayemjua. Waambieni skuli nani wa kumchukua Nouf. Polisi waambieni yaliyotokea leo. Na Nouf mwenyewe mfundisheni: mwili wake ni wake. Akiguswa vibaya, hata na mtu wa nyumbani, aseme. Hatogombwa."

Asubuhi Hamoud alikwenda mwenyewe skuli, kisha polisi. Sleyum aliitwa, akaonywa: akirudia, atapelekwa tena mahakamani. Alinuna, hakuja kwao kwa muda. Skuli nayo ilibadilika. Mlinzi hamtoi mtoto yeyote mpaka anayemchukua awe na idhini ya mzazi.

Ijumaa moja Sleyum alikuja kula. Walipomaliza, akasema anampeleka Nouf dukani mara moja.

Masouda alitaka kusema. Bi Bakhita akamtangulia.

"Haendi nawe," alimwambia mwanawe. "Na sababu unaijua. Kaa unywe kahawa."

Sleyum akakaa.