Watoto Sita Wasiosikia

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Msikivu alikuwa wa kwanza kuingia darasa la sita. Alifuta vumbi kwenye dawati lake kwa kiganja, akalisukuma mpaka likagusa ukuta wa kushoto, kisha akakaa upande wa ukutani. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Jina la Msikivu alipewa na mwalimu wa darasa, kwa kuwa hakuwa na makelele, hakujibizana na mtu, na mwalimu alipozungumza alimkazia macho mpaka neno la mwisho.

Asubuhi hiyo alikuta dawati lina mtu. Mama mmoja mwenye miwani alikuwa amekaa hapo, mkoba mkubwa mapajani, akipitia orodha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka ofisi ya elimu. Nawatafuta watoto sita wasiosikia."

Msikivu alishtuka. Sita? Yeye alimjua mmoja tu, na huyo mmoja hakuwahi kumwambia mtu.

Darasa lilipojaa, afisa alisoma jina la kwanza. Akasimama mvulana ambaye wenzake walimwita Spika. Afisa akamwinamia, akapaza sauti polepole, "U-NA-NI-SI-KIA?"

"Nakusikia, mama," alijibu Spika. "Hata wa ng'ambo ya barabara wamekusikia."

Darasa likaangua kicheko. Akaitwa wa pili, wa tatu, mpaka wa sita. Wote masikio yao yalikuwa mazima. Wote pia ndio waliopanda juu ya paa la jiko la shule muhula uliopita.

Afisa alimgeukia mwalimu. Mwalimu akajikuna kisogo.

"Fomu ya kuhesabu wanafunzi na familia zao iliuliza, 'Je, mtoto anasikia? Ndiyo au hapana,'" alisema. "Hawa nikiwaambia wakae, wanasimama. Nikiwaambia wanyamaze, wanaimba. Nikaandika hapana."

"Mwalimu! Serikali imenunua vifaa sita vya kusaidia kusikia kwa sababu ya utundu?"

"Lakini wapo wazuri pia," mwalimu alijitetea. "Huyu Msikivu nilimwandikia ndiyo, tena nikapigia mstari mara mbili."

Msikivu aliinamisha uso.

Afisa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaeleza kwamba fomu ile inaandikwa upya, na swali hilo, la kumi na nne, bado limo. Mwananchi yeyote alikuwa huru kutoa maoni yake kwa maandishi. Sanduku lingekuwa ofisi ya shule, na maoni yangesomwa Ijumaa mchana mbele ya wazazi.

"Hata watoto?" Msikivu alijikuta ameuliza.

"Anayehesabiwa si wewe? Kwa nini usiseme?" Afisa alipapasa mkoba wake. "Vifaa navyo vitangoja hapa mpaka Ijumaa. Akipatikana anayehitaji kimoja, atapimwa, kitakuwa chake. Asipopatikana, Jumamosi vinakwenda shule nyingine."

Msikivu alirudi nyumbani na swali lile kichwani. Tangu alipougua homa akiwa na miaka saba, sikio lake la kushoto lilipokea sauti kwa mbali, kama mtu anayeongea amejifunika blanketi. Ukuta ulimsaidia, kwani hakuna aliyeweza kumsemesha kutoka upande huo. Macho yalimsaidia pia, aliposoma midomo ya mwalimu. Lakini wakati wa imla mwalimu hutembea. Akipita nyuma, maneno humwagika njiani. Wiki iliyopita Msikivu alipata tano kati ya ishirini. Naye alikumbuka vizuri msichana wa darasa la pili aliyezoea kuuliza "eti?" wenzake wakamwita Kiziwi mpaka akahama shule.

"Mama," alisema, "mimi nasikia?"

Mama yake, fundi cherehani, hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Unasikia sana. Ningekuwa na wawili kama wewe, nisingekuwa na mvi hizi."

"Siyo hivyo, mama."

"Ila vipi?"

Cherehani ilikuwa inanguruma. Msikivu alisogea mlangoni. "Basi tu."

Lakini jibu lile lilimwasha. Alitoka akamuuliza jirani yao, fundi viatu, kama mwanawe anasikia.

"Asikie wapi yule! Nimemtuma gundi tangu asubuhi, mpaka sasa simwoni."

Akaenda kwa bibi yake, aliyekuwa ameketi kizingitini. "Bibi, unasikia?"

"Nasikia njaa, mjukuu wangu. Kwani mama yako bado hajapika?"

Msikivu alicheka peke yake njia nzima. Kisha akachukua daftari, akaandika, akachana ukurasa. Asubuhi aliutumbukiza sandukuni bila jina.

Ijumaa mchana wazazi walijaa darasani. Karani wa shule alisoma maoni. Mmoja alitaka fomu iwe fupi, mwingine aliuliza kwa nini serikali inataka kujua idadi ya kuku wake. Kisha karani akafungua ukurasa wa daftari.

"'Nimewauliza watu watatu swali la kumi na nne. Mmoja amejibu kuhusu adabu, mmoja kuhusu utundu, mmoja kuhusu njaa. Hakuna aliyejibu kuhusu masikio. Fomu iulize: je, sikio la kulia linapata sauti vizuri? Na la kushoto? Mtoto anaweza kuwa na adabu na bado asisikie.'"

Watu walicheka, kisha wakatazamana. Mwalimu, aliyekuwa ameanza tena kujikuna kisogo, aliacha.

"Nani ameandika?" afisa aliuliza, akitazama huku na huku. "Haya. Swali hili nitalibadilisha jinsi lilivyoandikwa hapa, na aliyeandika ametusaidia kuliko sisi tuliosomea kazi hii. Lakini niwaambie jambo moja, wanangu. Hata swali likiwa zuri namna gani, fomu haioni ndani ya sikio la mtu. Inaandika kile ilichoambiwa. Anayejua ukweli akinyamaza, namba zitadanganya kwa jina lake, na msaada wake utampita mlangoni."

Akavuta zipu ya mkoba.

Msikivu alisimama. Alisema kitu, lakini kilifia midomoni.

"Sema kwa sauti, mwanangu," alisema mwalimu kwa upole. "Safari hii sisi ndio hatusikii."

Mama yake aligeuka kumtazama. Spika na wenzake watano walitulia tuli, pengine kwa mara ya kwanza mwaka ule. Msikivu alivuta pumzi.

"Niliandika mimi," alisema, na sauti yake ikafika mpaka ukuta wa nyuma. "Na mtoto huyo ni mimi. Sikio langu la kushoto halisikii vizuri, na nahitaji kifaa kimoja."