Usiniambie, Bado Sijasoma

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaotembea mkiwa mmeinamia simu, sogeeni niwasimulie. Habari hii sikuipata kwa watu. Banda langu la kupiga pasi limepakana na karakana ya fundi makochi, na kati yetu pana ukuta wa mbao tu.

Mchana wa kawaida mle ndani ulikuwa hivi. Fundi amepiga magoti, amebana misumari midogo midomoni, anavuta kitambaa juu ya sponji. Mkewe yuko kwenye cherehani, anashona foronya za mito. Kazi ikipungua, mke anachukua simu na kusoma kwa sauti sura mpya ya hadithi waliyoipenda wote wawili. Ilikuwa hadithi ndefu ya watu waliopoteza dunia yao, wakawa wanahama kutoka nyota hadi nyota ndani ya merikebu za angani, wakitafuta mahali pa kutua. Kila Ijumaa ilitoka sura moja. Mke alijua kusoma, jamani! Nahodha wa hadithi akikasirika, mimi huku nilijisahau nikaunguza shati la mtu.

Basi Ijumaa moja mke akasema, "Leo soma mwenyewe, mume wangu. Kichwa kinaniuma." Ijumaa iliyofuata akasema hivyo hivyo. Fundi akadhani mwenzake ameichoka hadithi, akanuna kidogo, kisha akajipatia wenzake wengine humo humo kwenye simu, kundi la mashabiki wanaobishana kutwa kucha kama rubani mzee ni msaliti au la. Akazama. Mtaani tukambatiza Kamanda.

Sasa mashabiki nao wana ugonjwa wao. Mteja mmoja alimtajia nani amekufa kwenye hadithi kabla yeye hajasoma, Kamanda akakosa raha wiki nzima. Tangu hapo akaweka sheria: Ijumaa mtu asimwambie lolote mpaka amalize sura yake. Ukifungua mdomo tu, anainua kiganja: "Usiniambie! Bado sijasoma." Tulicheka sana. Lakini sheria ya Ijumaa ilihamia Jumamosi, ikasogea mpaka Jumatano, maana akimaliza sura anaingia kwenye mabishano, na akitoka kwenye mabishano anaanza kukisia sura ijayo.

Huku nyuma mambo yalikuwa yanaharibika. Foronya zilirudishwa na wateja, maua ya kitambaa yameshonwa kichwa chini. Mke alipapasa tundu la sindano mpaka akawa ananiita nimtungie uzi. Chai aliimwaga nje ya kikombe, na Kamanda alifuta meza bila kuinua macho, akitania, "Mama, leo uko wapi?"

Nikamwambia, "Shoga, nenda kapimwe macho."

Akaenda peke yake. Aliporudi aliniambia wamempa dawa, yamekwisha. Kumbe aliambiwa presha ya macho imepanda, arudi upesi na mtu wa kumsindikiza, vinginevyo atapoteza uwezo wa kuona. Hilo alitaka mumewe alisikie kwanza. Na alijaribu, maana niliwasikia kupitia mbao.

"Mume wangu, kuna habari mbaya nataka kukuambia."

"Ah, ah! Usiniambie! Bado sijasoma."

"Si ya hadithi."

"Baadaye, mama, baadaye. Nimalize kwanza."

Baadaye hiyo haikufika. Yule mama ni mtu wa staha, hajazoea kulilia kusikilizwa. Akaacha cherehani, akahamia kujaza pamba kwenye mito, eti mgongo unamsumbua.

Ikafika sura ya mwisho. Siku hiyo nilikuwepo, nimepeleka stuli yangu ivishwe kitambaa kipya. Kamanda alisoma ukurasa wa kwanza, machozi yakamlenga, akamwekea mkewe simu mkononi.

"Nisomee wewe, anzia mwanzo. Nimeikumbuka sauti yako."

Mke akasita. Kisha akaishika simu kwa mikono miwili, akakohoa kidogo, akaanza. Merikebu inashuka. Nahodha ameshika usukani. Rubani mzee anamwita kwa sauti ndogo: "Nahodha, sioni njia tena. Nishike mkono." Na nahodha anaacha usukani, anamwendea.

Kamanda akakunja uso. "Mbona mimi sikusoma hivyo..." Akachungulia. Simu ilikuwa imezima, kioo cheusi tii, na mkewe bado anasoma.

"Mama," akasema polepole, "unaona?"

"Jicho hili halioni kabisa. Hili linaona ukungu."

"Tangu lini? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia. Ulisema nisikuambie."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililotuumiza. Kamanda aliketi chini juu ya vipande vya sponji, akalia waziwazi. Mimi nilimhurumia na wakati huo huo nilitaka kumzaba kibao.

Tulikwenda hospitali saa ile ile. Daktari akamuuliza Kamanda, "Mama alianza kupata shida lini?" Mtu anayeweza kukutajia kila merikebu ilipigwa katika sura ipi, akamgeukia mkewe. Ikabidi mgonjwa ajijibie mwenyewe.

Alifanyiwa upasuaji. Jicho moja limeokolewa. La pili limekwenda, na daktari alisema bila kuficha kwamba halitarudi. Siku hizi Kamanda ndiye anayemtia dawa asubuhi na jioni, akilenga ovyo, na mkewe anamcheka: "Bwana wee, hilo ni sikio!" Simu ikilia katikati ya kazi hiyo, Kamanda haigusi.

FUNZO

Sisemi msisome hadithi. Watu hawa wawili zilikuwa zikiwaweka pamoja, na mimi mwenyewe nilitega sikio ukutani. Ninachosema ni kwamba kitu unachokipenda kisikufanye umnyamazishe anayekupenda. Hadithi ingemsubiri Kamanda wiki, mwezi, hata mwaka, ingekuwa pale pale. Jicho la mkewe halikumsubiri. Ukifika nyumbani leo, weka simu chini, muulize mwenzako anaendeleaje, na umwache aseme mpaka amalize.